Kichupa Kilichokuwa Ng'ambo ya Bahari: Haja ya Hazina ya Pamoja ya Kingamwili

Mwaka juzi maabara ninayofanyia kazi hapa Unguja iliagiza kichupa kimoja cha kingamwili, yaani protini ya kunasia protini nyingine, ya kuitambua p53, protini ambayo hitilafu zake hukutwa katika aina nyingi za saratani. Kilikuwa na maikrolita 100, yaani kama matone mawili ya maji, na kilitugharimu zaidi ya dola 400 kabla ya nauli. Boksi lilichelewa njiani siku kadhaa, na tulipolifungua barafu kavu ilikuwa imeshatoweka yote. Tulikitumia hivyo hivyo, kwa kuwa fedha ilikuwa imeshalipwa. Katika jaribio la kutenganisha protini kwa ukubwa wake, mstari tulioutarajia karibu na kilodaltoni 53 (kipimo cha uzito wa protini) haukutokea. Ilitokea mitatu mingine, mahali pasipo pake. Tukarudia jaribio kwa wiki saba, tukibadilisha hiki na kile, bila ya kuwa na njia ya kujua kama kingamwili ile iliharibiwa na joto au ilikuwa mbovu tangu ilikotoka.

Miezi michache baadaye nilikwenda Dar es Salaam kwa mafunzo, na mwenyeji wangu, nilipomsimulia yaliyotusibu, akafungua friza yao, akatoa kichupa na kunionesha jina la kloni, yaani ukoo wa seli uliotoa kingamwili hiyo. "Ndugu yangu, hii si ndiyo hiyo hiyo? Tumeihakiki na inafanya kazi, ila mradi wake umekwisha zamani na hakuna anayeigusa." Ilikuwa ndiyo hiyo hiyo. Kati ya friza yao na yetu pana safari ya boti ya saa mbili hivi.

Maoni yangu ni kwamba Unguja, Pemba na Dar es Salaam tunahitaji hazina moja ya kingamwili na protini za utafiti wa saratani, yenye vichupa vyenyewe na, lililo kubwa zaidi, yenye kumbukumbu ya uhakiki wa kila kichupa: nani alikijaribu, juu ya tishu gani, kwa njia gani, na alipata nini. Kichupa kisicho na kumbukumbu hiyo ni cha kubahatisha tu.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka mtu aelewe kazi ya kingamwili. Hii ni protini yenye kushika sehemu moja maalumu ya protini nyingine, na mtafiti huitegemea imwoneshe kama anachokitafuta kimo ndani ya uvimbe wa saratani ama hakimo. Katika saratani ya matiti, kwa mfano, kingamwili hutumika kupima HER2, protini inayozidi katika baadhi ya saratani hizo, kwenye kipande cha tishu kilichowekwa juu ya slaidi, na jibu lake huchangia kuamua kama mgonjwa anafaa kupewa trastuzumabu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ambayo yenyewe nayo ni kingamwili. Ikiwa kingamwili ya kupimia inashika protini jirani, rangi ya kahawia, ambayo ndiyo ishara ya kuwa protini imo, itajitokeza kwenye hadubini vile vile, safi na yenye kushawishi, na jicho peke yake haliwezi kuligundua kosa hilo. Mwaka 2015 Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, pamoja na wenzao zaidi ya mia moja, walitaka kila kingamwili ya utafiti ijulikane kwa mfuatano wake wa jeni, ili mtafiti ajue hasa ni kitu gani anachokitumia.

Kugawana si jambo geni katika fani hii. Georges Köhler na César Milstein walipobuni mwaka 1975, huko Cambridge, njia ya kuunganisha seli ili zitoe kingamwili ya aina moja bila ya kikomo, mbinu hiyo haikuwekewa hataza, na ikasambaa maabara kwa maabara. Mwaka 1986 Marekani ilianzisha benki ya haibridoma, yaani seli hizo zilizounganishwa, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Iowa. Mtafiti huweka seli zake pale, na wengine hupata kingamwili kwa bei nafuu ya kurudisha gharama. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya nchi hiyo nayo ina mpango wake wa kuhakiki kingamwili za protini zinazohusiana na saratani, na huweka wazi matokeo ya majaribio ili kila mtu ayasome kabla ya kuagiza.

Sisi wenyewe tunaijua desturi hii vizuri. Mtaani kwetu masufuria makubwa ya pilau hayana mwenyewe mmoja. Yamewekwa nyumba moja pamoja na majamvi na masinia, na mwenye shughuli huenda kuyachukua kwa bibi mmoja mwenye daftari, ambaye ameandika sufuria gani limetoka, limekwenda kwa nani, na lipi lina tundu. Hilo la tundu ndilo ninaloling'ang'ania. Hazina yetu iandike na kingamwili zilizoshindwa, tena kwa herufi kubwa, kwa sababu wiki saba zetu zingeokolewa na mstari mmoja wa maandishi.

Wala hatutakwenda huko mikono mitupu. Visiwa hivi vimeishi na kichocho kwa vizazi vingi, na tangu mwaka 1994 mdudu wake, *Schistosoma haematobium*, anatambuliwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa ni chanzo cha saratani ya kibofu. Mayai yanayokwama katika ukuta wa kibofu huleta uvimbe wa miaka mingi, na saratani inayofuatia mara nyingi ni ya seli bapa, tofauti na ile inayoonekana zaidi Ulaya na Marekani. Kingamwili iliyohakikiwa kwa tishu za huko haijahakikiwa kwa tishu zenye makovu ya kichocho. Pemba ina Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, pale Wawi, ambayo tangu mwaka 2000 imejijengea ujuzi mkubwa wa maradhi haya haya. Uhakiki uliofanywa kwa tishu za watu wetu, kwa ridhaa yao iliyoandikwa, ni kitu ambacho dunia nzima itakihitaji.

Nitaulizwa habari ya umeme, na swali hilo ni la haki. Sote tunaikumbuka ile miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009, Unguja ilipokuwa gizani. Lakini jeni ya kingamwili ikishajulikana huweza kuwekwa ndani ya plazimidi, yaani duara dogo la DNA, na plazimidi hukaushwa juu ya kipande cha karatasi ikasafirishwa ndani ya bahasha ya kawaida bila ya barafu. Protini nyingi za kufanyia majaribio, ikiwamo E7 ya kirusi cha papiloma kinachosababisha saratani ya shingo ya kizazi, hutengenezwa ndani ya bakteria wanaooteshwa kwenye chupa. Kingamwili kamili huhitaji seli za mamalia na gharama zaidi, kwa hiyo hiyo ingebaki kazi ya kituo kimoja kwa niaba ya wote.

Masharti ya kampuni nyingi hukataza mnunuzi kumpa mwengine kitendanishi, yaani kitu cha kufanyia majaribio kama kingamwili hizi, na lazima yaheshimiwe; kwa hiyo vichupa vya hazina vitoke kwenye kloni zilizo huru. Kumbukumbu za uhakiki, hata hivyo, hazikatazwi na yeyote, na ndizo zinazoweza kuanza sasa. Vichupa vilivyomo katika friza yetu ni kumi na saba. Nimeshaviandika vyote na jina la kila kloni, na kile cha p53 nimekiandika cha kwanza, pamoja na picha ya ile mistari mitatu.