Tusilaumu Baridi kwa Kila Nimonia

Wazazi wengi wa Molo na Kuresoi, huku kaunti ya Nakuru, huamini kwamba nimonia huletwa na baridi, na kwamba mtoto aliyevikwa sweta tatu amekwisha kukingwa. Lau ingekuwa hivyo, watoto wa Kisumu, mji wa joto kando ya Ziwa Victoria, wasingelazwa wodini kwa ugonjwa huu; nao hulazwa. Baridi hutukusanya ndani, madirisha yakafungwa na viini vikaenea kwa urahisi, lakini kinachoshambulia mapafu ni bakteria, virusi au, mara chache, kuvu. Viini hivyo hutofautiana kwa umri, na ndiyo sababu nashikilia kwamba asiuziwe mtu dawa ya kifua kabla ya kuulizwa mgonjwa ana umri gani.

Mtoto mchanga ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Mara nyingi huambukizwa bakteria za mama wakati wa kuzaliwa, kama vile streptokokasi za kundi B na E. coli, na huenda asikohoe hata kidogo: hukataa titi, hulegea, na mwili wake huweza kupoa badala ya kuchemka. Aliye chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa dawa ya maji ya dukani haimtoshi.

Baada ya umri huo hutawala virusi vya RSV, vinavyoshambulia njia ya hewa, na bakteria ya nyumokokasi. Kenya ilianza kuchanja dhidi ya Hib, bakteria nyingine iletayo nimonia, mwaka 2001 na dhidi ya nyumokokasi mwaka 2011, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na sioni udhuru wa kuruka hata dozi moja. Katika kaunti za Siaya, Homa Bay na Kisumu, ambako maambukizi ya HIV ni mengi, mtoto wa mama mwenye virusi hupewa Septrin, dawa ya kumkinga, kuanzia wiki ya 6, kwa sababu kuvu iitwayo Pneumocystis huwashambulia watoto hao hasa kati ya mwezi wa tatu na wa sita.

Mwanafunzi wa bweni ni habari nyingine. Yeye huweza kuwa na mycoplasma, bakteria isiyo na ukuta wa seli, ambayo amoksilini, dawa inayovuruga ujenzi wa ukuta huo, haiwezi kuiua. Hata hivyo, amoksilini ndiyo anayouziwa, na isipomsaidia huongezewa nyingine ya aina ileile.

Kwa mtu mzima anayekohoa kwa wiki mbili, makohozi yapimwe kifua kikuu. Wazee nao huugua kutokana na nyumokokasi, mafua makali, au chakula kinachopotea njia na kuingia mapafuni pamoja na bakteria za kinywani, na wengine hawapati homa wala kikohozi cha kuonekana. Babu aliyeanza ghafla kuchanganyikiwa na kukataa chakula asiachwe kitandani kwa kudhaniwa kwamba ni uzee tu. Apimwe kifua siku hiyohiyo.