Mimi na Tosta Hatuongei

Jamani, mtu mzima na akili zangu, jana usiku nimesimama jikoni na tochi namulika ndani ya tosta. Natafuta makombo. Mke wangu akatokea mlangoni, akanitazama, akarudi kulala. Hakuuliza. Ameshanizoea.

Nina ugonjwa unaoitwa siliaki. Ukilisikia mara ya kwanza utadhani ni jina la shangazi wa mtu. Kumbe nikila gluteni, ile protini ya kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, askari wa mwili wangu wanauvamia utumbo wangu wenyewe. Vile vijinywele vya utumbo mdogo vinavyofyonza chakula vinalala kama nyasi zilizokanyagwa. Nakula mimi, mwili unashinda na njaa. Na miaka yote hiyo naambiwa ni mawazo, ni uchovu wa kazi, damu imepungua kidogo tu.

Nikajifanya mjanja, nikaacha mkate mwenyewe. Nikapata nafuu, nikaenda kwa daktari kifua mbele. Akaguna. Eti ukiacha ngano kipimo cha damu kinaweza kutoka safi, kwa hiyo rudi ukale mkate kila siku kwa wiki kadhaa, ndipo tukushushie mpira wenye kamera kooni, tukunyofoe kinyama cha utumbo. Yaani nenda kajiumize, kisha uje tuangalie kama umeumia!

Majibu yakatoka. Dawa? Kutokula. Mpaka siku ya mwisho.

Kuna daktari wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyekuwa akiishuku ngano. Njaa ya mwaka 1944 na 1945 ilipoikumba nchi yake na mkate ukaadimika, watoto wenye siliaki wakapata nafuu. Fikiria: taifa zima linalia njaa, wenzangu ndio wanachangamka!

Basi, mkate, keki, tambi na bia niliviaga nikijua ni maadui. Wanaonimaliza ni wanaojificha. Sosi ya soya, jina soya, ndani ngano! Oti zenyewe hazina kesi kubwa, ila zimelala na ngano shambani, zikapanda naye lori moja, zikasagwa naye kinu kimoja. Nasoma maandishi ya pakiti kuliko nilivyowahi kusoma shuleni. Kipimo cha kimataifa cha kuitwa "haina gluteni" hakizidi miligramu 20 kwa kilo. Kwa hiyo kisu kikipita kwenye mkate wa mtu kikaingia kwenye siagi yangu, siagi hiyo nimeshafiwa nayo. Sasa kopo nimeliandika jina kama mtoto wa bweni.

Halafu wapo watu wa "kidogo tu". Ukialikwa, mwenyeji anakung'olea mkate juu ya nyama, anakusukumia sahani: haya, nimeutoa, kula. Ukikataa unaringa. Ukila, usiku mzima choo ni chako, na yeye amelala fofofo.

Nami nina mkate wangu maalumu. Tatizo ni kwamba gluteni ndiyo gundi ya mkate, na huu hauna gundi. Unaushika unabomoka, unautazama unabomoka. Leo asubuhi mwanangu ameangalia meza, akauliza, "Baba, haya makombo ni yako au yetu?"

Tochi iko wapi?