Mgeni ana njia, jirani wa Nusu Maili je?

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipoanzishwa mwaka 1973, mpaka wake ulianzia mwinuko wa meta 2,700. Msitu wa chini ulibaki hifadhi ya misitu, lakini zilitengwa shoroba sita za kuupita ili wapandaji wafike juu. Mgeni, basi, alikuwa na njia yake kisheria tangu mwanzo. Aliyekwenda kukata majani ya ng'ombe alitegemea Nusu Maili.

Ukanda huo wa pembezoni mwa msitu, wenye upana wa takribani meta 800, ulitengwa mwaka 1941 chini ya utawala wa Waingereza. Ukawekwa mikononi mwa mamlaka ya wenyeji wa Uchagga ili watu wapate kuni, mbao na malisho bila kugusa msitu wa ndani. Meta 800! Asiye na mzigo huzimaliza kwa dakika kumi. Kwa mama anayeteremka na kuni kichwani, ndizo zinazoamua kama jiko litawaka jioni. Kihamba, yaani shamba linalozunguka nyumba ya Mchagga, kimejaa migomba na kahawa, tena kila kizazi kinakigawa upya. Ng'ombe yuko zizini, hatoki. Majani lazima yamfuate. Watu hawa hawaendi msituni kutembea.

Mwaka 2005 msitu ukaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa, Nusu Maili ikiwemo. Sababu zilikuwepo, na zilikuwa nzito. Uchunguzi wa kutoka angani wa mwaka 2001 ulikuta maelfu ya miti ya asili imekatwa, na tanuri za mkaa katikati ya msitu. Msitu huo ndio unaonasa mvua na ukungu na kulisha mito inayoingia Pangani. Anayeulinda analinda pia mifereji ya vihambani.

Ila mwenye msumeno na mwenye mundu walitiwa kapu moja. Magogo makubwa ni biashara yenye malori na wanunuzi. Mzigo wa majani unaishia zizini. Nusu Maili yenyewe ilichakaa, ni kweli, lakini mamlaka ya wenyeji iliyoisimamia ilikuwa imefutwa baada ya uhuru. Kumwondoa msimamizi wa karibu, kisha kumlaumu mtumiaji peke yake, si haki. Na jirani huyo si adui wa msitu: moto ulipoteketeza sehemu ya mlima Oktoba 2020, wanavijiji na wanafunzi walipanda kusaidia kuuzima.

Sidai ukataji wa mbao urudi. Nadai siku za kuokota kuni kavu na kukata majani ziandikwe kwenye kanuni, mipaka ijulikane, na kamati za vijiji zishiriki doria. Mwenye mundu asiwe anategemea hisani ya askari aliye zamu, ilhali mpandaji anaoneshwa njia yake kwenye ramani pale getini.