Kaburi la Kaisari Augusto: Mussolini alilifufua au alilimaliza?

Wengi wakifika Roma wanakimbilia Colosseum na Vatikani, kaburi la Augusto wanalipita tu. Ni yuleyule Kaisari Augusto wa Luka sura ya 2, aliyetoa amri watu waandikishwe mpaka Yusufu na Maria wakaenda Bethlehemu. Kaburi alianza kulijenga mwenyewe mwaka 28 kabla ya Kristo, hata miaka 40 hajafikisha, duara la kama mita 87 kwa upana karibu na mto Tiber, na alipofariki mwaka 14 majivu yake yakawekwa humo.

Sasa wanaolikuta leo wengine wanalalamika kwamba ni matofali tu, marumaru imeshang'olewa zamani, majivu hayapo, na jengo lenyewe liko chini kuliko barabara kama limetumbukia shimoni. Hawajakosea sana. Ila kabla ya hapo lilishakuwa ngome ya ukoo wa Colonna, wakubwa wa Roma, likawa bustani, likawa uwanja wa kupigana na mafahali, mwisho ukumbi wa muziki ulioitwa Augusteo, tena ukumbi mkubwa wa maana, hadi ulipofungwa mwaka 1936 kwa sababu Mussolini, dikteta wa Italia, alitaka aonekane yeye ndo Augusto mpya, akabomoa ukumbi na mtaa mzima uliolizunguka na wakazi wakahamishwa.

Wanaomtetea kwenye hili wanasema bila ile bomoabomoa tusingeliona kaburi lenyewe, na kusema ukweli hoja hiyo ina uzito, huwezi kuchunguza kuta za kale wakati juu yake watu wanapiga muziki.

Lakini mimi bado naona hasara ilikuwa kubwa kuliko faida. Angalia kaburi la Kaisari mwingine, Hadrian, ng'ambo ya mto, Castel Sant'Angelo. (Kaisari Septimius Severus, mwenzetu Mwafrika aliyezaliwa Leptis Magna, Libya, alizikwa humo mwaka 211, sijui kwa nini hatulisemi sana hili.) Majivu hayapo na huko, lakini mapapa waliligeuza ngome, wakajenga vyumba, kukawa na jela, na yote hayo yameachwa, kwa hiyo ukipanda unapita karne moja baada ya nyingine.

Hata jiwe lililobeba majivu ya Agrippina, mjukuu wa Augusto, lilitolewa kwenye kaburi la Augusto likafanywa pishi ya kupimia nafaka, na leo liko makumbusho ya Capitolini, jina lake linasomeka vizuri kabisa. Matumizi hayakulimaliza, ndo yalilitunza!

Kaburi lilikaa limefungwa miaka mingi, likafunguliwa Machi 2021 baada ya ukarabati, na kazi zikaendelea tena, so uliza kwanza kabla hujapanga safari. Ila we nenda, na ukiwa pale muulize anayekutembeza habari za ukumbi na nyumba zilizobomolewa, asikwambie za Augusto peke yake.