Habari mbili za kamera moja

Katika sherehe za harusi za wanawake hapa Unguja, mara nyingi mlangoni hukaa mama mmoja mwenye kikapu, na kila anayeingia hutoa simu yake na kuitia humo. Ni desturi ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Bibi harusi amepambwa kwa hina na asumini, jamaa zake wamevua mabuibui, na hakuna anayetaka sura hizo zifike kwa watu wasiohusika kabla shughuli haijamalizika. Kinachoruhusiwa kupita ni kamera ya video ya mwanamke aliyeitwa kurekodi, kwa sharti kwamba mwisho wa usiku memori kadi itakabidhiwa mkononi mwa mama wa bibi harusi. Mimi ni mmoja wa wanawake hao, na ndiyo maana kamkoda, ambayo wengi wanaiona imepitwa na wakati, kwangu bado ni chombo cha kazi na cha amana. Malipo yetu si makubwa, kwa hiyo wengi wetu huanza na kamera ya bei nafuu.

Mwaka 2019 mimi na wifi yangu anayekaa Wete, Pemba, tulinunua kamera mbili za aina moja, siku moja, katika duka moja la Darajani. Yangu ilianza kuzima kioo mwezi wa saba, ikaganda mara mbili katikati ya shughuli, na kabla ya kutimiza mwaka ikakataa kuwaka kabisa. Yake imerekodi maulidi, mahafali ya skuli, mchezo wa ng'ombe na harusi zisizopungua ishirini, na mpaka leo inafanya kazi. Mtu akituuliza, mimi nilikuwa namwambia asiipoteze fedha yake, naye alikuwa anamwambia kwamba kwa bei ile hatapata kilicho bora zaidi. Kwa muda mrefu tulibishana, kila mmoja akimwona mwenzake anatia chumvi.

Sasa naamini kwamba sote wawili tulikuwa tunasema kweli, na kwamba kosa lilikuwa katika swali. Watu huuliza, "Kamera hii ni nzuri?" na mwenye nayo hujibu kwa namna ilivyomtendea. Kwa kamera ya bei nafuu jibu hilo halimsaidii anayetaka kununua, kwa sababu kamera hizi hazina akiba ya uvumilivu, na kwa hiyo uhai wake hutegemea mno mahali inapolala, kadi iliyomo na mkono unaoifungua. Ukipewa sifa au lawama bila kuambiwa mambo hayo matatu, hujaambiwa kitu.

Ni vyema tuelewe unafuu wa bei unatoka wapi. Kampuni zenye jina zikitengeneza kamera ya daraja la chini hupunguza mambo ambayo mnunuzi anaweza kuyaona. Sony HDR-CX405 iliyotoka mwaka 2015, kwa mfano, haina tundu la kuchomekea maikrofoni ya nje, lakini lenzi yake inavuta, yaani inakisogeza cha mbali kionekane karibu, kwa vioo hasa, mara 30. Kamera zisizo na jina, au niseme zenye majina mengi, kwa kuwa umbo lile lile huuzwa likiwa limebandikwa chapa tofauti tofauti, hupunguziwa mambo ambayo hayaonekani. Juu ya sanduku huandikwa 4K na megapikseli 48, ilhali kihisi kilichomo ndani, yaani kile kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza picha, kina vitone vichache kuliko hivyo, na programu ndiyo inayojaza vilivyobaki kwa kukisia. Kuvuta kwake ni kwa kidijitali, yaani sehemu ya katikati ya picha inakatwa na kutanuliwa, na uso wa bibi harusi unageuka kama umepigwa nyuma ya chandarua. Hilo angalau utaligundua siku ya kwanza. Usichokigundua ni ubora wa solda, wa bawaba ya kioo na wa vibati vinavyogusana na betri, na hivyo ndivyo vinavyoamua kama kamera itaiona masika ya pili.

Hewa yetu haina huruma na vyombo vya namna hii. Kisiwani tuna joto, unyevu na chumvi kwa pamoja, na anayekaa ufukweni anajua jinsi kufuli jipya linavyoshika kutu. Wala si kamera za bei ndogo tu zinazodhurika. Mwezi wa Oktoba 2005 Sony ilikiri kwamba baadhi ya vihisi vyake vya aina iitwayo CCD vilikuwa na kasoro: vikikaa katika joto na unyevu, nyaya nyembamba zilizomo ndani ziliweza kuachia, na kamera ikatoa picha iliyopotoka au isitoe picha kabisa. Vihisi hivyo vilikuwa ndani ya kamera za Sony yenyewe na za makampuni mengine kama Canon, Nikon na Fujifilm, na wenye kamera walifanyiwa matengenezo bila malipo. Nikilikumbuka tukio hilo huwaza kwamba mtu wa nchi baridi aliyekuwa na kamera ile ile huenda aliitumia miaka mingi bila kuona lolote, na mtu wa pwani yetu akaonekana mzushi kwa kulalamika. Tofauti ni kwamba makampuni yale yalijulikana yalipo na yakawajibika. Kamera yangu ilipokufa, sanduku halikuwa na anwani ya mtu yeyote.

Fundi mmoja wa Mlandege ndiye aliyenifungulia macho. Aliifungua kamera mbele yangu, akanionesha vibati vya betri vilivyofanya ukungu wa kijani, kisha akanionesha utepe wa waya bapa unaopita kwenye bawaba ya kioo, ule ambao mafundi wanauita fleksi. Ulikuwa umekatika nusu. "Dada," aliniambia, "kamera hii unaifungua kioo mara ngapi kwa siku?" Sikuwa na jibu, maana katika shughuli moja nilikuwa nafungua na kufunga kila mara ili kuokoa betri, na nilikuwa nakizungusha kioo kuwaonesha watoto sura zao. Kisha akaniuliza inalala wapi. Inalala kwetu Malindi, nikamwambia, ndani ya mkoba wa kitambaa, juu ya kabati, karibu na dirisha linalotazama bandari.

Nilimpigia simu wifi usiku ule ule nikamuuliza kamera yake inalala wapi. Inalala ndani ya bati la biskuti lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu ambavyo sisi wengine huvitupa tunapofungua sanduku la viatu. Hakufundishwa na mtu, aliona tu kwamba viatu vyenye vifuko havioti koga. Isitoshe, nyumbani kwake hakuna kiyoyozi. Mimi nilikuwa naitoa kamera kwenye ukumbi wenye baridi na kwenda nayo moja kwa moja uani kumpokea bwana harusi, na lenzi ikifanya umande nilikuwa naipangusa kwa ncha ya mtandio na kuendelea kurekodi, bila kufikiri kwamba umande ule ule umeshika na ndani. Kamera za zamani za mkanda zilikuwa na kihisi cha umande. Zikihisi majimaji zilikataa kufanya kazi mpaka zikauke. Watu walikuwa wakikasirika, lakini chombo kilikuwa kinajilinda. Hizi za leo za bei nafuu zinakuacha uendelee kujiharibia.

Hata hivyo, katika malalamiko ninayoyasikia kwa wenzangu, yaliyo makubwa zaidi hayahusu kamera iliyokufa. Yanahusu video iliyopotea, na hapo nina uchungu wangu mwenyewe. Binti wa khalati yangu aliolewa mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikinyesha, na mimi nilirekodi kila kitu kuanzia anatolewa chumbani hadi anaketi kwenye jukwaa na bibi yake anamwombea dua. Kamera ilionesha alama nyekundu muda wote. Tulipofungua kadi kwenye kompyuta, saa ya kwanza ilikuwepo, na yaliyofuata yalikuwa mafaili yenye majina na ukubwa, lakini ndani hamna kitu. Nililaani kamera. Kumbe kadi ilikuwa ya bandia. Imeandikwa GB 64, imepangwa ijitambulishe hivyo kwa kila chombo, lakini uwezo wake halisi ni sehemu ndogo tu, na ukishajaa, yanayoandikwa baadaye hayahifadhiwi au yanafuta ya mwanzo. Kamera haina njia ya kujua. Ipo programu ya bure iitwayo H2testw, ambayo huijaza kadi yote kisha huisoma tena na kukwambia ukweli wake. Huchukua saa kadhaa kwa kadi kubwa, na tangu siku ile sitii kadi kwenye kamera kabla ya kuipitisha huko. Kadi ya kweli nayo iwe na kasi ya kutosha. Alama ya namba 10 ndani ya herufi C ina maana ya kuandika angalau megabaiti 10 kwa sekunde, na kadi iliyo chini ya mahitaji ya kamera hufanya kurekodi kukatike, kisha mwenye kamera huwaambia watu kwamba kamera yake "ina tabia ya kuganda".

Jambo jingine ambalo hulaumiwa kamera ni betri kuisha katikati. Faili la MP4 kwa kawaida huandikiwa faharasa yake mwishoni, kurekodi kunaposimamishwa. Umeme ukikatika ghafla ndani ya kamera, picha zinaweza kuwepo zote kwenye kadi lakini faili lisifunguke, kwa sababu halina faharasa ya kuziongoza. Kamera iliyotengenezwa vizuri hujizima kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha. Hii yetu ilikuwa inaonesha vipande viwili vya betri, kisha giza. Hapa lawama ni ya kamera na siitetei hata kidogo. Wifi hakupata kulijua tatizo hili kwa sababu ana betri tatu, na hubadilisha kabla ya mama wa bibi harusi kuingia, akiwa amesimamisha kurekodi mwenyewe.

Wapo wanaonishauri kwamba asiye na uwezo wa kamera nzuri asubiri. Siwaungi mkono. Binti anayeanza kazi hii akisubiri afikishe fedha ya kamera kubwa, harusi zitakwenda kwa wenye simu, na heshima ya kile kikapu cha mlangoni itaondoka pamoja nazo. Ninachomshauri ni aangalie kwanza kamera iliyotumika, yenye jina, yenye lenzi inayovuta kwa vioo, hata kama ni ya miaka kumi iliyopita, mradi betri zake bado zinapatikana madukani. Akikosa, anunue hiyo mpya ya bei nafuu, lakini asiende nayo peke yake kwenye jambo lisilorudiwa. Awe na ya pili, hata ya kuazima, iliyosimamishwa pembeni.

Kwa wauzaji wetu nina ombi ambalo nimeshalipeleka kwa wawili Darajani, na mmoja amelikubali: mteja aruhusiwe kurekodi dukani kwa nusu saa nzima, kwa kadi yake mwenyewe, na kuitazama video kabla ya kulipa. Nusu saa inatosha kuonesha kama mwili wa kamera unachemka, kama sauti inaachana na midomo, na kama faili linapofika GB 4, mpaka wa FAT32, mfumo wa kupangia mafaili kwenye kadi, kamera inaanza faili jipya bila kudondosha maneno katikati.

Harusi ya binti mdogo wa khalati itakuwa mwezi wa Shaaban, inshaallah. Khalati amenipigia simu mwenyewe kuniita, jambo ambalo sikulitarajia baada ya yale yaliyotokea, na hakuuliza nitakuja na kamera gani. Wifi atavuka kutoka Pemba na bati lake la biskuti, mimi nitakuwa na yangu mpya, na kadi nne tayari nimeshazijaribu.