PHP haikukosea kuzizungushia fanksheni ukuta

Mwandishi wa programu anayehamia lugha ya PHP kutoka lugha ya JavaScript hulalamika mapema: kigeu (jina linaloshika thamani) alichokiandika mwanzoni mwa faili hakionekani ndani ya fanksheni, kipande cha msimbo kinachoitwa kifanye kazi fulani. Umeweka `$makato = 50`, fanksheni inayokokotoa malipo ya miwa ikikisoma, PHP inakuonya kwamba hakijulikani. Ukipitishe kama kigezo, yaani uikabidhi fanksheni thamani hiyo unapoiita, au uandike `global $makato`.

Lalamiko lina msingi. Fanksheni isiyo na jina hulazimika kuorodhesha kwenye `use` kila inachochukua nje, na `fn` ya toleo la 7.4 (2019) iliondoa adha hiyo kwa fanksheni fupi za usemi mmoja tu.

Lakini chukua seva ya sacco ya wakulima inayotumia Node, programu inayoendesha JavaScript kwenye seva. Mtu ameandika `jumla = 0` akasahau `let`, neno la kutangaza kigeu. Kama faili haina `"use strict"` (agizo la kukaza sheria za lugha) wala si moduli ya kisasa, JavaScript hainung'uniki: inaunda kigeu kimoja cha seva nzima. Ombi la mwanachama wa Ahero linajumlisha, linafika kwenye `await`, mahali linaposimama kungoja hifadhidata huku maombi mengine yakiendelea. Papo hapo la mwenzake wa Muhoroni linaingia na kuirudisha `jumla` kwenye sifuri. La Ahero likiamka, linaongezea juu ya hesabu ya mtu mwingine. Ukijaribu peke yako kwenye laptopu, jibu ni sahihi kila mara. Kosa hungoja maombi yapishane, yaani siku ya malipo, na halitoi ujumbe wowote. Pesa tu ndizo hazilingani. Katika PHP, usahaulifu huo huo ndani ya fanksheni huzaa kigeu cha humo humo, kinachokufa fanksheni ikimaliza. Usumbufu wa kupitisha vigezo ni bei ndogo mno kwa kinga hiyo.

Ukuta huo, hata hivyo, uko kwenye fanksheni tu. Baada ya `foreach ($malipo as &$m)`, yaani kitanzi ambamo `$m` ni kipengele chenyewe wala si nakala, `$m` bado imeshikilia kipengele cha mwisho; `foreach` nyingine ya kawaida juu ya `$malipo` hiyo hiyo ikitumia `$m`, malipo ya mtu wa mwisho yatageuka kuwa ya anayemtangulia. Weka `unset($m)` mara kitanzi kinapoisha. Na ukiita faili ya mipangilio kwa `require_once` ndani ya fanksheni, vigeu vyake hubaki humo. Fanksheni ya pili ikiiita, haisomwi tena, nayo inabaki mikono mitupu. Afadhali faili irudishe safu (orodha ya thamani) kwa `return`, isomwe mara moja mwanzoni, kisha ipitishwe kama kigezo.