Bi Mkubwa na Kiu Yake

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi mimi silali. Wenzangu wanasubiri mshahara, mimi nasubiri EWURA watangaze bei kikomo za mafuta. Mama watoto ananikuta nimeinamia simu, anauliza, "Imepanda au imeshuka?" Asiyetujua atadhani tunauguza mtu wa presha.

Na mgonjwa tunaye, yuko nje chini ya mwembe. Land Rover 109, Series III, injini ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Majirani zangu hapa Magomeni (ya Mtwara, si ile ya Dar) wanamwita Bi Mkubwa, maana mke wangu alimkuta kwenye nyumba. Na kweli, hela ikiingia, Bi Mkubwa ndiye anayepakuliwa kwanza.

Kinachoniuma zaidi ni ile gesi. Inatoka Msimbati, hapo tu, inasafishwa Madimba, kisha inaingia kwenye bomba inakwenda zake Dar es Salaam. Huko watu wamefunga mitungi, hadi bajaji zinatembelea gesi. Gesi ya kwetu! Mimi niliyezaliwa juu yake nimeshika dumu kituoni, nahesabu misimbazi.

Miaka yote hiyo nilikuwa sijui anakunywa kiasi gani. Geji ya mafuta ilishakufa, napima tenki kwa fimbo. Juzi nikasema liwalo na liwe. Nikajaza mpaka petroli ikachungulia mdomoni, nikazunguka naye siku mbili, nikarudi kituo kilekile nikajaza tena mpaka ikachungulia. Nikagawanya kilometa kwa lita. Nne. Nikagawanya upya, labda umri. Nne! Lita moja, kilometa nne. Msimu wa mabibo mjomba wangu wa Newala anakunywa uraka mpaka anawasalimia mikorosho, lakini hata yeye huwa anapumzika.

Ukitaka kujua Mtwara ina mafundi wangapi, sema gari lako linakula mafuta. Wa kwanza akaniuzia sumaku za kufunga kwenye mpira wa petroli, eti zinazipanga chembechembe za mafuta zikae mstari. Nikafunga. Zikajipanga, zikaandamana kwa nidhamu mpaka kwenye injini, zikaungua zote. Wa pili akaja na vidonge vya kutumbukiza ndani ya tenki, kutwa mara moja. Mtani wangu wa Lindi ndiye aliyenimaliza. Aliniambia, "Wewe ukifika kwenye mteremko, tia fri, zima injini. Unasafiri bure."

Nikaujaribu ushauri huo kwenye mteremko wa kuingia Mikindani. Mwanzo raha tupu, upepo wa bahari, ukimya, nikajiona nimeiibia serikali. Nikakanyaga breki mara ya kwanza, ikashika. Ya pili, nusu. Ya tatu pedali ikawa ngumu kama nimekanyaga jiwe, kumbe buster ya breki inanyonya nguvu kwenye injini, na injini nimeilaza mwenyewe. Mbele yangu kuna mama na beseni la samaki kichwani. Nikabonyeza honi, nikapiga kelele, nikasoma dua zote ninazozijua na mbili za kubuni. Bi Mkubwa alisimama mwenyewe pale barabara iliponyooka. Mikindani hiyohiyo ndiko Livingstone alikoanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866, kwa miguu. Watu wanamsifu kwa ushujaa. Mimi nadhani alipiga hesabu ya mafuta.

Ndipo nikampeleka kwa fundi wa kweli, mzee mmoja ambaye hana hata kibao. Hakuuliza kitu. Alichomoa plagi nne akazipanga juu ya boneti. Nyeusi tititi, makavu masizi yake, kama chungu cha shughuli. "Hii gari haili," akasema, "hii inalishwa." Plagi ikiwa nyeusi namna hiyo, mafuta yanazidi hewa. Plagi yenye afya ina rangi ya kahawia kama ya ngozi ya kiatu kilichochakaa.

Akafungua eya klina. Ile ya zamani, yenye bakuli la oili chini la kunasa vumbi. Oili hakuna. Mlikuwa na matope mekundu yameganda, na kwa mkono wangu naweza kuapa yalikuwa ya kule mbele ya Mnivata, barabara ya Newala, lami ilikokuwa inakuachia. Bi Mkubwa alikuwa anapumulia shamba. Akashuka kwenye kabureta. Choki nusu imevutwa, waya wake umeota kutu, haurudi. Unajua choki ni ya asubuhi, injini ikiwa baridi, unamlisha mafuta mazito aamke, kisha unaifunga. Mimi nimekuwa nampa uji wa mgonjwa kutwa nzima, mwaka wa ngapi huu.

Siku mbili alimshughulikia. Nafasi ya tapeti za vali akaiweka milimita 0.25, ya pointi za distribyuta milimita 0.38, akipima kwa vile vijisahani vyembamba anavyovifunga kwenye kitambaa kama pete ya ndoa. Taimingi, yaani wakati wa plagi kupiga cheche, hakupima kwa kitu chochote. Alilegeza distribyuta, akaizungusha kidogo, akafumba macho akasikiliza. Ukiichelewesha, akasema, gari linakuwa zito, linachemka na linakunywa. Ukiiwahisha linagonga kama kuna mtu ndani anataka kutoka. Akasogeza tena, unywele mmoja. Injini ikatulia, mpaka nikasikia jogoo wa jirani. Sikuwahi kujua jirani ana jogoo.

Kisha akaanza kunisomea mashtaka yangu mimi. Matairi: upepo nusu. Niliutoa mwaka jana ili nipite kwenye mchanga wa ufukwe wa Msimbati, na sijaurudisha. Keria: juu kuna tairi mbili za spea, jeki ya lori, na mfuko wa saruji ulioshiba mvua za masika ukawa jiwe. Nikamwambia ile saruji nimeisahau tu. "Gari halijasahau," akasema. Halafu akaangalia saizi ya tairi akacheka. Aliyeniuzia aliweka makubwa kuliko ya kiwandani, kwa hiyo mashine ya kuhesabu kilometa inanipunja. Nikitembea mia, inaandika tisini na tano hivi. Kwa hiyo hata ile nne yangu ilikuwa ya kuonewa kidogo. Nilitaka kumwomba Bi Mkubwa radhi, lakini fundi alikuwa anatazama.

Nikajaza upya mpaka ikachungulia. Nikatembea, nikajaza, nikagawanya na mahesabu ya tairi nikiwa nimeyatia. Tano nukta sita! Nilirudi nyumbani naimba. Nikamwambia mama watoto, na hapo ndipo nilipokosea, maana mke wangu ana simu.

Kufika Jumamosi, shemeji anaomba kupelekwa Nanyamba na magunia ya mihogo, "kwa kuwa gari siku hizi linanusa tu." Jumapili kuna mwali anatolewa Tandahimba, tukapanda kumi na wanne na ngoma mbili. Jumatatu mjomba mwenyewe akapiga. Kwetu sisi Wamakonde mjomba hapigi simu kuomba, anapiga kukujulisha. Korosho zake zinatakiwa zifike ghalani kabla ya mnada, na amesikia mpwa wake amepata gari lisilokula. Zamani nilikuwa na jibu moja zuri: "Mjomba, lita moja kilometa nne," naye anaguna, anakata. Sasa ile nne hainisaidii tena. Mwezi huu nimetumia petroli kuliko mwezi wowote tangu nimnunue, na kila lita imekwenda kilometa tano nukta sita, sawasawa, bila moshi.

Jana nimerudi kwa fundi. Akafurahi kuniona, akanivutia kiti, akauliza kuna shida gani tena.

"Hakuna shida, mzee wangu. Nataka tu kujua, ule waya wa choki wa zamani, wenye kutu, uliutupa wapi?"